Siku za Nafuu

Katika lugha yetu kuna neno moja linalotumika sana kando ya vitanda vya wagonjwa, nalo, kwa maoni yangu, halijapewa heshima linayostahili. Neno hilo ni nafuu. Mgonjwa akiulizwa hali hujibu, "Nimepata nafuu." Hapo wageni humshukuru Mungu, huacha sukari na machungwa mezani, huaga, na tangu siku hiyo humhesabu mtu yule kuwa mzima. Kumbe yeye hakusema kwamba amepona. Alichosema ni kwamba ametoka mahali fulani. Hakusema amefika wapi. Kati ya ugonjwa na uzima kuna nchi pana, na mwaka 2019 niliishi katika nchi hiyo kwa muda wa miezi minne na ushei, mimi pamoja na baiskeli yangu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na makazi yangu ni Mpepai, huku Mbinga, Mkoa wa Ruvuma. Msomaji asiyeijua Mbinga achukue karatasi, aikunjekunje katika kiganja, kisha aiachie juu ya meza: hiyo ndiyo ramani ya Umatengo. Huku hakuna mahali pa kuweka chungwa likatulia. Wazee wetu waliilima milima hii kwa ngoro, yaani hufyeka majani, huyapanga kwa mistari inayokatana hadi yafanye miraba, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufukia majani yale. Linabaki tuta pande zote na shimo katikati, na mvua ikinyesha maji hutulia shimoni badala ya kuuporomosha udongo mtoni. Mlima wenye ngoro ukiutazama kwa mbali unafanana na sega la nyuki. Juu ya hayo kuna kahawa, na kuanzia mwezi wa Juni kuna baridi na ukungu ambao wageni kutoka pwani huwa hawaamini kwamba bado wapo Tanzania.

Baiskeli niliianza kwa hofu, si kwa michezo. Mwaka 2016, nikiwa na miaka 49, nilipimwa presha nikaambiwa ni 160 kwa 100. Marehemu baba yangu alianguka kwa kiharusi shambani akiwa na miaka 56, akakaa kitandani miaka miwili kabla ya kutuaga, na mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza ubavu. Kwa hiyo nilipoambiwa nipunguze chumvi na niushughulishe mwili kila siku, sikuhitaji kuambiwa mara ya pili. Nilikuwa na Phoenix ya kwenda nayo mjini, nzito kama mlango wa ghala. Nikaanza na hiyo. Baadaye nikanunua ya mtumba yenye gia, fundi wetu wa pale senta akanibadilishia mnyororo na kunisawazishia rimu, nikawa mtu wa mazoezi. Vijana watatu wa kijijini waliokuwa wakiota mashindano ya Mwanza na Shinyanga, ambako mbio za baiskeli zina wenyewe, walinikaribisha katika msafara wao, nadhani kwa kunionea huruma. Tulikwenda Mbinga mjini na kurudi mara tatu kwa juma, na Jumamosi tuliifuata barabara ya Mbamba Bay kadiri miguu ilivyoruhusu. Mwanzoni mwa mwaka 2019 presha yangu ilikuwa 130 kwa 84 bila kumeza kidonge hata kimoja. Tukawekeana ahadi: barabara ile ya kilometa zipatazo 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, ambayo wakati huo ilikuwa ikijengwa, itakapotandikwa lami yote, tutateremka hadi ziwani na kupanda kurudi siku hiyohiyo.

Mwezi wa Mei mwaka huo nilikwenda Dar es Salaam kwa harusi ya mtoto wa dada yangu. Ulikuwa mwaka wa homa ya dengue. Jiji lilikuwa na wagonjwa kwa maelfu, na hata pale ukumbini watu walikuwa wakipigapiga vifundo vya miguu chini ya meza. Mbu wa ugonjwa huu hangoji usiku. Huuma mchana kweupe, hasa asubuhi na jioni, na huzaliana katika maji yaliyotuama karibu na watu: vyungu vya maua, makopo, na zaidi ya yote matairi makuukuu. Nilirudi Songea kwa basi, nikalala, kesho yake nikapanda la Mbinga. Siku ya nne baada ya kufika nyumbani nilikuwa nasahihisha madaftari, kalamu ikanidondoka mkononi.

Sitayaeleza sana maumivu yenyewe, maana maumivu ya mtu mwingine hayana ladha. Nitasema tu kwamba macho yaliniuma kwa nyuma, mahali ambapo sikujua kuwa pana kitu cha kuuma, na kwamba mifupa ilikuwa kama imepigwa na mchi. Zahanati walinitoboa kidole, kipimo kikaonyesha hakuna malaria. Huku kwetu homa isiyokuwa malaria huonekana kama uongo. Jirani mmoja alinihakikishia kwamba kipimo ndicho hakioni vizuri. Siku ya tatu mke wangu alinipakiza katika gari la kahawa hadi hospitali mjini, na daktari wa zamu, binti mdogo ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa zamani, akaniamkia kwanza, ndipo akauliza swali moja tu.

"Mwalimu, wiki mbili hizi ulikuwa wapi?"

"Dar es Salaam."

"Basi huyo mbu ni wa huko."

Dengue haina dawa ya kuiua. Hupewa mtu maji ya kutosha, na dawa ya kushusha homa ambayo ni paracetamol, wala si aspirini wala diklofenaki, kwa kuwa hizo huweza kuzidisha hatari ya kuvuja damu. Tena ina hila: saa za hatari huwa ni pale homa inaposhuka, mtu anapoanza kujiona ahueni. Nililazwa siku nne ili watazame chembe zinazogandisha damu. Zilishuka, zikasimama, zikaanza kupanda. Nikatoka vipele vyekundu mwili mzima. Wakaniruhusu.

Hapa naomba nichepuke kidogo. Kwa Kiswahili ugonjwa huu huitwa pia kidingapopo, na jina hilo lina historia. Mwaka 1872 daktari mmoja kutoka Uingereza aliyekuwa akifanya kazi Unguja, James Christie, aliandika katika jarida la madaktari wa kwao habari za homa ya maungo iliyoingia kisiwani, ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo. Wapo wataalamu wanaosema kwamba hata neno dengue limetokana na Kiswahili hicho, na wapo wanaokataa. Wengine wamekwenda mbali zaidi wakasema kwamba homa ile aliyoieleza Christie huenda haikuwa dengue bali ndugu yake chikungunya. Na chikungunya nayo ni ya kusini kwetu: ilitambuliwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa miaka ya 1952 na 1953 katika nyanda za Wamakonde, huko Newala, na jina lake ni la Kimakonde, likieleza jinsi mgonjwa anavyokunjamana kwa maumivu ya viungo. Nilipoyasoma haya nilipata faraja ya ajabu kidogo. Pwani na kusini yetu, ambazo dunia haizikumbuki sana, zimeipa dunia majina ya homa.

Turudi kwenye nafuu. Nilifika nyumbani Mpepai mwanzoni mwa Juni, kahawa ikiwa imeiva. Kahawa ikiiva haingoji mtu. Kila mwenye mikono huitwa shambani. Mimi nilikaa kibarazani na blanketi mabegani, nikawaona watoto wangu wakipita na vikapu mbele yangu kama mtu anayetazama mazishi ya mali yake. Sikuwa na homa. Sikuwa na maumivu. Nilikula. Lakini kunyanyua kikombe cha uji kulinitoa jasho, na kutoka kibarazani hadi chooni, hatua zisizozidi 30, kulikuwa safari ya kupanga.

Wale vijana walikuja kunijulia hali. Mmoja wao alikuwa na desturi ya kuhesabu mapigo ya moyo kila asubuhi kabla ya kunyanyuka kitandani, kwa kuwa alisoma kwamba waendesha baiskeli wakubwa hufanya hivyo. Akanishika mkono, akatazama saa yake, akashangilia. Mapigo 48! Kabla ya kuugua yalikuwa 60. "Mwalimu, huo ni moyo wa mwanamichezo," akasema. "Wiki ijayo tunakwenda."

Nilikuwa na miadi ya kurudi kwa daktari, nikampelekea habari hizo njema. Yule binti hakushangilia. Alieleza kwamba baada ya dengue ni jambo linalojulikana mapigo kuwa ya polepole kwa siku kadhaa wakati mgonjwa anapopata ahueni, na kwamba huo si uimara bali ni alama ya njia ambayo ugonjwa umepita. Akanifanyia kipimo cha umeme wa moyo, akanitembeza ukumbini mara mbili kwenda na kurudi, kisha akahesabu tena. Mapigo yalikuwa 122. Kwa kutembea tu ukumbini! Ndipo akaniambia neno ambalo nimelihifadhi: kwa wakati huu nisiutazame moyo ukiwa umelala, niutazame unavyorudi kulala baada ya kuamshwa.

Alinieleza na sababu. Virusi vya aina nyingi, hata vile vya mafua ya kawaida, mara chache huingia katika misuli ya moyo na kuifanya ivimbe. Mtu anaweza asijue. Akiulazimisha moyo ulio katika hali hiyo kufanya kazi nzito, unaweza kukosea mapigo ghafla; ni mojawapo ya sababu zinazojulikana za wanamichezo vijana kuanguka na kufa uwanjani. Anayethibitika kuwa na uvimbe huo huzuiwa mazoezi kwa miezi mitatu hadi sita. Mimi kipimo changu hakikuonyesha uvimbe. Hata hivyo akanipa masharti: mwezi mmoja wa kutembea tu, kisha baiskeli, lakini tambarare, tena kwa mwendo wa kuweza kuzungumza bila kuhema, na kesho yake nikiamka nimechoka kuliko jana, nirudi hatua moja nyuma bila ubishi.

Kumwambia mtu wa Umatengo aendeshe baiskeli tambarare tu ni sawa na kumwambia mvuvi wa Liuli avue nchi kavu. Lakini hilo halikunisumbua kama jambo jingine. Alipima pia presha. Ilikuwa 152 kwa 96.

Ndugu msomaji, hapo ndipo ulipokuwa ugumu wenyewe. Moyo wangu ulitaka mapumziko. Mishipa yangu ilitaka mazoezi. Dawa iliyonishusha kutoka katika njia ya baba yangu ilikuwa jasho, na jasho ndilo nililokatazwa. Kila siku niliyokaa kibarazani niliihesabu mara mbili: siku moja mbele katika kupona, siku moja nyuma kuelekea kitanda kile cha marehemu. Sikumwambia mtu. Usiku nilikuwa nikisikiliza sikio langu likipiga kwenye mto.

Daktari aliniandikia vidonge vya presha. "Si vya milele, Mwalimu," alisema alipoona navitazama. "Ni vya kukushikia baiskeli mpaka urudi." Nilivimeza.

Kijijini mambo yalikuwa tofauti. Kwetu, na nadhani si kwetu peke yetu, iko imani ya zamani kwamba homa hutolewa kwa jasho. Mtu akijisikia vibaya aende akalime, atoke jasho, arudi mzima. Siidharau imani hiyo. Yapo mafua madogo ya kichwani ambayo mtu huyafukuza kwa shughuli ndogo na hasara isionekane. Lakini ilikuwa kila anayepita barazani kwangu ananipa ushauri huohuo, na wengine waliutoa kwa sauti ya kumshitua mvivu. Mwanamume mzima, hana homa, kahawa inapukutika, yeye anatembea barabarani mikono mitupu asubuhi na jioni kama mkaguzi. Fundi baiskeli peke yake ndiye aliyekuwa upande wangu. Alikuja kuichukua baiskeli aisafishe, akafungua magurudumu, akanionyesha gololi zilivyokauka. "Beringi isiyo na grisi," akasema, "ukiinyonga kwa nguvu haiendi mbio. Inajila." Akaipaka grisi, akairudisha, na mke wangu akaitundika juu ya dari ya stoo kwa kamba, akaifunga fundo ambalo mpaka leo sijui alijifunza wapi.

"Baba watoto," alisema, "siku ukiweza kuishusha mwenyewe bila kuhema, panda."

Niliishusha tarehe 9 Julai. Shule zilikuwa zimefunguliwa. Mahali tambarare pekee ninapopajua Mpepai ni uwanja wa mpira wa shule, nao ni tambarare kwa kuwa wazazi waliuchimba kwa majembe, na hata hivyo goli la upande mmoja liko chini kidogo kuliko la pili. Jioni wanafunzi walipokuwa wakifagia, mwalimu wao, mwenye miaka 52, alionekana akizunguka uwanja taratibu juu ya baiskeli, akifuata mstari wa chokaa, kama mtoto anayejifunza. Kicheko kilianzia darasa la pili kikapanda hadi la saba. Nami nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimeagizwa niweze kuzungumza, na anayeweza kucheka bila shaka anaweza kuzungumza.

Nilikuwa nasahau hesabu ya mizunguko, kwa hiyo nikaanza kuchukua punje za kahawa kavu. Kila mzunguko punje moja ilihama kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Siku ya kwanza punje 4. Juma la kwanza sikuongeza. Juma la pili 6, kisha 8. Baada ya kila zoezi niliketi chini ya mti, nikahesabu mapigo, nikangoja dakika moja, nikahesabu tena, nikaandika katika daftari la mistari. Mwanzoni dakika moja ilishusha mapigo 11 tu. Wanafunzi wa darasa la sita walilijua zoezi hilo kuliko mimi; ikawa nikiketi wanakuja na kusimama kimya, halafu mmoja anauliza, "Mwalimu, umepungua ngapi?" Tulilifanya kuwa somo la grafu. Ilikuwa grafu mbaya, yenye meno kama msumeno, ila walielewa vizuri kuliko zile za vitabuni.

Meno hayo ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Mwishoni mwa Julai nilizunguka mara 12, kama ilivyopangwa, nikajisikia vyema, nikalala. Kesho yake nilishindwa kushika chaki. Mikono ilikuwa ya mtu mwingine. Nilikuwa sijavunja sharti lolote. Sikukimbia, sikupanda mlima, sikunyeshewa. Mwili uliamua tu kurudi nyuma, ukakaa huko siku tano. Mkulima anaelewa jambo la namna hii kuliko mwalimu. Mama mkwe wangu, aliyechimba ngoro maisha yake yote, alinikuta nimeinamia daftari langu nikitafuta kosa, akaniambia majani yaliyofukiwa hayaozi upesi kwa sababu ya kufukuliwafukuliwa kuyatazama. Nikalifunga lile daftari kwa juma zima. Nilipolifungua, punje zilirudi kuwa 6.

Baadaye nimesoma habari za waendesha baiskeli wakubwa waliopita njia hii, na nimegundua kwamba hata wao, pamoja na madaktari wao na vipimo vyao, hupita wakipapasa. Mark Cavendish wa Uingereza, mmoja wa watu wenye kasi kubwa kabisa mwishoni mwa mbio ambao mchezo huu umewahi kupata, mwaka 2017 alionekana ana kirusi kiitwacho Epstein-Barr, kile kinacholeta homa ya tezi na uchovu usioisha. Akapumzika, akarudi, mwaka 2018 kikamrudia, akasimama tena. Tangu Februari 2018 hadi Aprili 2021 hakushinda mbio hata moja. Miaka mitatu! Watu walikwisha kuandika tanzia ya kazi yake. Mwaka 2021 huohuo alishinda hatua 4 za Tour de France, akafikisha 34 sawa na Eddy Merckx wa Ubelgiji, na mwaka 2024 akapata ya 35 ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuifikia. Vijana wetu hupenda mwisho wa habari hiyo. Mimi huvutiwa na ile miaka mitatu ya katikati, ambayo haina picha.

Wengine watanitajia Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundishwa huko na David Kinjah, ambaye kabla ya kushinda Tour de France mara nne alisumbuliwa na kichocho. Lakini kichocho ni minyoo ya majini, si virusi, na kina dawa yake. Jirani zetu wa kando ya Ziwa Nyasa wanakijua vizuri. Ugonjwa wenye dawa na ugonjwa usio na dawa humchosha mtu namna mbili tofauti: wa kwanza humfanya angoje kidonge, wa pili humfanya ajingoje mwenyewe.

Nilidhani nguvu itarudi yote kwa pamoja, kama maji ya bomba yaliyokatika. Haikuwa hivyo. Ilirudi kwa mafungu, tena kwa mpangilio ambao nisingeukisia. Kwanza ilirudi hamu ya chumvi, ambayo ndiyo niliyokatazwa. Kisha usingizi. Kisha sauti ya darasani: mwezi wa Agosti niliweza kufundisha vipindi viwili mfululizo bila kuketi. Kisha miguu. Pumzi ilichelewa kuliko miguu, ikawa naweza kunyonga lakini siwezi kuhema kiasi cha kutosha kunyonga. Kilichokuja mwisho kabisa kilikuwa furaha. Mwezi wa Septemba nilikuwa nikifika hadi njia panda na kurudi, vipimo vyote vizuri, na bado baiskeli ilikuwa kwangu kama kumeza kwinini. Hilo lilinitisha kimyakimya, maana mtu anaweza kuishi na miguu dhaifu, lakini zoezi lisilo na furaha haliwezi kudumu miaka, na mimi nililihitaji kwa miaka yote niliyobakiwa nayo.

Ilirudi siku ya Jumatano, katikati ya Oktoba, bila kuitwa. Mvua za kwanza zilikuwa bado, vumbi jingi barabarani. Nilikuwa nateremka kutoka mjini na mkate kwenye keria, upepo ukaniingia katika shati, nikajikuta napiga kengele barabarani ambako hapakuwa na mtu. Nilipiga tena. Nilipofika nyumbani mke wangu aliniuliza nimekutana na nani.

Kufikia Desemba dakika moja ya mapumziko ilikuwa ikishusha mapigo 30 na zaidi. Presha ilikuwa 134 kwa 86, pamoja na vidonge. Vidonge hivyo bado ninavyo, nusu ya kipimo cha mwanzo. Dengue ina aina 4, na kupona moja hakumkingi mtu na nyingine. Tena ya pili inaweza kuwa kali kuliko ya kwanza. Kwa hiyo nikienda Dar es Salaam sasa huvaa soksi ndefu na mikono mirefu mchana wa jua, na wapwa zangu hunicheka.

Halafu ikaja korona, na nchi ile niliyodhani nimeishi peke yangu ikajaa watu. Mwaka 2021 jirani yangu mmoja, mkulima hodari, yuleyule aliyeniambia kipimo cha malaria hakioni, aliugua kifua majuma matatu, akapata nafuu, kisha akabaki hapohapo kwenye nafuu. Alikuwa akisimama katikati ya shamba na jembe mkononi, hajui kwa nini. Duniani kote madaktari walikuwa wakiandika juu ya hali hiyo, na mwezi wa Oktoba mwaka huo Shirika la Afya Duniani liliipa maelezo rasmi ili itambulike. Jirani hakuwa na baiskeli wala haja nayo. Jioni tulitembea pamoja kuuzunguka uwanja wa mpira, yeye na punje zake mfukoni. Aliona haya kidogo mbele ya watoto. Nilimwambia watamzoea, walikwisha kunizoea mimi.

Safari ya Mbamba Bay tuliifanya mwaka 2022, lami ikiwa imekwisha. Tulitoka Mbinga alfajiri, wanne tulevile. Kuteremka kule ni jambo la kusimuliwa: kona baada ya kona, baridi ikibaki nyuma kidogokidogo, miembe ikaanza kuonekana, kisha ghafla ziwa, jingi, la samawati, na milima kwa mbali ng'ambo yake. Tulikula ugali na usipa, tukalowesha miguu. Saa nne na nusu tukageuza. Ziwa liko mita zipatazo 475 juu ya usawa wa bahari, nasi tulikotoka ni juu ya mita 1,000, kwa hiyo hesabu ya kurudi kila mtu aliijua.

Kwenye mpando wa kwanza mkubwa vijana walinyanyuka kwenye viti wakaenda. Mimi nilipanda mpaka nikashindwa kuzungumza, nikashuka, nikahesabu mapigo, nikasukuma baiskeli kwa miguu hadi nikaweza kuzungumza, nikapanda tena. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi kando ya barabara aliniuliza, "Mzee, baiskeli imeharibika?" Nikamwambia nzima. Akanitazama, akaitazama, akanipunguzia bei. Niliwakuta vijana wamelala chini ya mti kwenye kona ya juu, maji yao yamekwisha, nikawagawia ndizi, na mmoja akanishika mkono akatazama saa.

"Umepungua ngapi?" wenzake wakauliza.

"Nyamazeni," akasema, "ndiyo kwanza nahesabu."